Nilikwenda Sevilla Kumrudisha Dada

Ninyi wa jumuiya yetu mliokuja kunipokea Houston mkawa mnachungulia nyuma yangu kama watu wanaosubiri sanduku la pili litoke, niliwaona. Wengine mmenipigia simu, wengine mmeniuliza kanisani wakati wa kupeana amani, jambo ambalo si adabu, na Mama Yozefu amenibana dukani mbele ya friza la samaki. Swali lenu ni moja: dada yuko wapi? Basi leo Jumapili nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nawaandikia wote kwa pamoja ili nisimulie mara moja tu.

Kwa waliohamia mtaa wetu wa Alief juzijuzi na hawamjui, Goreti ni dada yangu mkubwa, na ni sista. Aliingia utawa tukiwa bado katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Sisi tulipopata nafasi ya kuja Marekani, yeye alibaki na shirika lake, na baadaye wakampeleka Hispania, katika mji wa Sevilla, kutunza masista wazee. Hatukuonana tena. Mama yetu mnamjua, siku hizi ni mtu wa kitanda na kiti, moyo wake umechoka na daktari amemkataza ndege. Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka huu wa 2018 aliniita akaniambia, "Mama Divine, nenda kanichukulie mtoto wangu. Nataka siku yangu ikifika, awe chumbani." Hakusema nikamsalimie. Alisema nikamchukue, nami nikasema ndiyo. Habari za tiketi na makaratasi sitazisimulia kwa sababu zinanipandisha presha.

Kutoka Alief hadi Dallas

Divine, binti yangu, ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Sandukuni nilikuwa na mfuko wa dagaa wa Kigoma nilioununua duka la Waafrika hapa Alief, nimeufunga kwa plastiki, kisha kwa taulo, kisha kwa kanga mbili. Hatujafika hata barabara kuu Divine akateremsha kioo.

"Mama, hiyo smell itakufikisha Spain kabla yako," alisema.

"Endesha gari," nilimjibu. "Mama yako mkubwa hajala dagaa tangu wewe uko kwenye nepi."

Ndege ya kwenda Dallas ni fupi, ukifungua soda unaambiwa uirudishe. Shida ilianza Dallas kwenyewe. Mbingu ilikuwa nyeusi, radi inapiga, na ndege zote zimeambiwa zitulie chini. Nilitafuta kiti karibu na dirisha, nikampigia mama kumwambia nimekwama. Nilipokata simu, mwanamke mmoja mwenye sare, anayesukuma viti vya magurudumu vya wagonjwa, alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu.

"Mama, uko Mukongomani?" aliniuliza.

"Hapana, mimi Mrundi. Wa Rumonge."

"Aa, basi tuko majirani. Miye ni wa Uvira. Bananiita Mama Neema. Umekula?"

"Bado."

"Bado? Tangu asubui? Mon Dieu. Kaa hapa, usitoke."

Akaondoka na kiti chake kitupu, akarudi na kopo lenye maandazi ya duara na maharage ya baridi, chakula chake mwenyewe cha mapumziko. Nilikataa mara moja kwa adabu, mara ya pili nikala. Akaniuliza ninaenda fasi gani, nikamwambia Hispania, kumchukua dada yangu sista nimrudishe kwa mama.

"Na yeye anajua?" aliuliza.

"Anajua nakuja."

"Sikuuliza vile. Anajua kama unakuja kumuchukua?"

Nilibaki na andazi mkononi. Ni kweli, hakuna aliyemwambia. Goreti alidhani naenda kumtembelea, tena alikuwa amenipangia makanisa ya kwenda kuona. Mama Neema alinitazama, akanipigapiga begani, akaenda kumsukuma mzee mmoja aliyekuwa akingoja. Mvua ilipokatika waliita ndege yetu, na mimi nilipanda nikiwa nimeshiba na nina wasiwasi.

Madrid, halafu treni

Madrid sikuiona, niliona mabango yake tu. Nilipanda treni ya kwenda Sevilla, na jirani yangu alikuwa bwana mmoja mwenye masharubu aliyetaka mazungumzo. Kihispania ninacho kidogo. Nilikipata Gulfton tulipokuwa tukikaa zile fleti za kwanza, na kazini kwangu Sugar Land, kwenye nyumba ya wazee, ambako wenzangu wa zamu ni Wahondura na Wameksiko. Kwa hiyo najua kusema geuka, inua mguu, unaumwa wapi, fungua mdomo. Huyo bwana aliniuliza kama safari ni nzuri, nikamuuliza anaumwa wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Akanigawia mkate wake wenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa, nyembamba hadi unaona vidole upande wa pili, nao ulikuwa mtamu sana.

Nje ilikuwa mizeituni na mizeituni tena, mistari na mistari, kama vile mtu aliyepanda hakuambiwa pa kuishia. Nikalala mdomo wazi.

Mchana wa kwanza

Goreti alikuwa ameniandikia ujumbe: yuko hospitali na mmoja wa vikongwe wake, nimfuate nyumbani kwao saa kumi na moja jioni, ni dakika ishirini kutoka nyumba ya wageni aliyonitafutia. Dakika ishirini kwa mtu wa Houston ni kutoka Alief hadi Sugar Land, na foleni kidogo. Nikamwomba mwenye nyumba, mzee mnene anayeitwa Manolo, aniitie teksi. Manolo alitazama miguu yangu, akanitazama usoni, akasema kwa upole kwamba ni kwa miguu, mama, kwa miguu.

Nilioga, nikavaa vile viatu vyangu vya kanisani vyenye kisigino, kwa sababu nilikuwa naenda kuonana na dada na sikutaka anikute kama mtu aliyetoka ghalani. Kungoja hadi saa kumi na moja kulinishinda. Saa nane na nusu nilitoka.

Mwanzoni mtaa ulikuwa na watu, wanakunywa, wanapiga kelele, mama mmoja anagombana na muuza samaki. Nikaenda mbele, nikapinda. Hapo nikasikia mlango wa chuma wa duka ukishushwa kwa kishindo. Kisha mwingine. Kisha madirisha ya juu yakaanza kufungwa, mbao kwa mbao, na mtu mmoja akapita upesi bila kunitazama, akaingia ndani, akapiga komeo. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Mtaa mzima, jua linawaka, mchana kweupe, na hakuna hata mbwa.

Mliokulia tulikokulia sina haja ya kuwaeleza. Mji ukifunga milango mchana na kila mtu amejua isipokuwa wewe, huulizi maswali. Sikufikiri, miguu ndiyo iliyofikiri. Nilivua viatu nikakimbia pekupeku juu ya mawe ya moto hadi nyumba ya wageni, nikapanda chumbani, nikafunga begi, nikaweka pasipoti kifuani, nikajaza chupa za maji zote mbili, nikakaa chini nyuma ya mlango. Nilimwomba Mungu anifikishe kwa Goreti kabla hawajafika, na sikujua ni akina nani.

Manolo alikuwa amenisikia nikipanda ngazi. Alikuja na ndala zake na fulana ya ndani, akagonga.

"Nani anakuja?" nilimuuliza kupitia tundu la mlango.

"Wapi?"

"Mjini. Watu wamekimbilia wapi?"

"Wamelala, mama," alisema. "Ni joto."

Nikafungua mlango. Alitazama begi, akatazama chupa za maji, akaniangalia usoni, na hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, nikacheka mpaka kikawa kilio, nimeketi sakafuni na nguo zangu nzuri. Alinishika mkono akanishusha jikoni, akaniwekea bakuli la nyanya mbichi zilizosagwa na kitunguu saumu, baridi kutoka friji. Nilidhani ni mchuzi, nikakaa kwa heshima nikingoja wali. Wali haukuja. Mwishowe akanionyesha kwa ishara kwamba ni wa kunywa.

Kabati linaloongea

Jioni nilitoka tena, na safari hii mji ulikuwa umefufuka, watoto wanakimbia, vibibi wamevaa hereni. Nilivaa ndala alizoniazima Manolo, kubwa kuliko miguu yangu. Nilipinda kulia pale nilipoambiwa, nikapinda kushoto, nikaona mlango mkubwa wenye msalaba juu, nikasema nimefika.

Ndani kulikuwa na chumba kidogo kitupu, na ukutani kabati la mbao la mviringo lisilo na mlango. Nilipiga kengele. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya kabati, ikamsalimu Bikira Maria. Nikaitikia kwa Kiswahili, maana sala haina mgeni. Nikasema kwa Kihispania changu cha Gulfton kwamba nimekuja kumchukua dada yangu. Kabati likazunguka lenyewe, likaniletea boksi la biskuti.

Nikasema hapana, ahsante, namtaka dada. Nikazirudisha biskuti. Kabati likazunguka, likaja na biskuti za aina nyingine, za lozi. Mimi na kabati lile tulibishana hivyo mpaka nikatoa picha ya Goreti kwenye pochi, nikaiweka kwenye rafu, nikaisukuma. Halafu nikasikia kicheko nyuma ya ukuta, si cha mtu mmoja, na jina la dada yangu likipita kutoka mdomo hadi mdomo. Kumbe hao ni masista wasiotoka kabisa wala kuonekana, hupika biskuti na kuziuza kwa kabati, na Goreti ndiye anayewaletea dawa kutoka famasi. Walimpigia simu. Mimi wakaniambia nikae, nile biskuti.

Nilisimama mlangoni. Alipotokea mwisho wa mtaa sikumwona uso, maana jua lilikuwa nyuma yake, lakini nilimjua kwa mwendo. Anatembea kama mama alivyokuwa akitembea, haraka, mkono mmoja umeshikilia sketi kando. Nilitaka kukimbia, ndala za Manolo zikakataa. Yeye ndiye aliyekimbia, sista mzima na shela lake, mbele ya watu. Tulishikana bila kusema kitu. Kisha akanisogeza kidogo, akaniangalia chini hadi juu.

"Umenenepa," alisema kwa Kirundi.

"Na wewe umezeeka," nilimjibu, na tukaanza kulia vizuri.

Nyuma ya Goreti

Nilikaa wiki mbili, na kama mnadhani tulikaa sebuleni tukipiga soga, sivyo. Goreti hana muda wa kukaa. Ukimtaka, unamfuata. Asubuhi famasi, kisha mkate, kisha sokoni, kisha kumpelekea komunyo bwana mmoja kipofu anayeishi ghorofa ya juu kabisa isiyo na lifti, kisha kurudi kuwageuza wasioweza kujigeuza, kisha kutoka tena. Yote hayo kwa miguu. Mimi kazini nasimama zamu nzima, lakini ile ni korido ya zulia na kiyoyozi. Huku ni mawe, vilima vya ngazi, na vichochoro vyembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili za watu. Siku ya tatu malengelenge yalinipasuka, Goreti akanipeleka kununua viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba, nikavivaa mpaka leo vimekuwa kama soksi.

Nitasema ukweli, niliupenda mji ule. Wamefunga maturubai makubwa meupe juu ya mitaa, kutoka paa hadi paa, kukinga jua, na chini yake unatembea kwenye kivuli kama uko ndani ya hema la harusi. Kila penye uwazi kuna benchi, na kwenye kila benchi kuna mtu ambaye hana haraka. Hapa Alief, mtu akikuona unatembea kando ya barabara anasimamisha gari kukuuliza kama limeharibika lako. Kule nilitembea wiki mbili na hakuna aliyenihurumia.

Ila kila mtu alimjua dada yangu. Muuza nyama alimwita, wa famasi alimwita, kibibi mmoja alimwita kutoka dirisha la juu na kumteremshia kikapu kwa kamba, ndani kuna nyanya tatu. Kila salamu ilikuwa ni kusimama, na kila kusimama ni habari za goti, za mjukuu, za mume aliyelazwa. Goreti alikuwa akinitambulisha kwa fahari, wananibusu mashavu yote mawili, nami natabasamu. Moyoni kila aliyembusu nilimchukia kidogo. Nilikuja kung'oa mti, na kila siku naonyeshwa mzizi mwingine.

Vikongwe wenyewe walikuwa saba. Mkubwa ni Sista Pilar, miaka tisini na miwili, mwembamba, macho kama ya kuku anayetafuta mchele. Nilipopika wale dagaa, kwa nyanya na kitunguu, niliona haya kwa sababu harufu ilifika kanisani. Pilar alikuja na kiti chake cha magurudumu akinusa. Alimshika dagaa mmoja mkiani, akamchunguza, akamtia mdomoni na kichwa chake, akatafuna. Sote tukangoja. Akasema ni mzuri, ila huyu samaki alikufa zamani, anahitaji limau. Wakaleta limau, wakala wote saba, wakafuta sufuria kwa mkate, na Goreti ambaye nilimletea dagaa hao kutoka bara jingine alibaki na mchuzi.

Siku hiyohiyo nilimsaidia Goreti kumwogesha mmoja wao. Nilimsahihisha jinsi anavyoinua, maana alikuwa akitumia mgongo. Tukawa tumemshika bibi yule mmoja huku mmoja huku, wimbo wa kambini unatutoka bila kupanga, na mimi ghafla nikaona jambo ambalo sikuweza kuliondoa tena machoni. Sisi ni watoto wa mama mmoja. Mimi naogesha wazee wa watu Texas, yeye anaogesha wazee wa watu Sevilla. Mama yetu anaogeshwa na Divine, kabla hajaenda shule.

Darajani

Nilimwambia siku chache kabla ya kuondoka, jioni, tukiwa tumeegemea daraja la mto. Watu walikuwa wanapita na aiskrimu, vijana wanapiga makasia chini. Nilikuwa nimeandaa maneno laini tangu Dallas. Yalitoka makavu.

"Mama amenituma nikuchukue," nilisema. "Si kukusalimia. Kukuchukua."

Goreti aliendelea kutazama maji. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Konso," alisema, akiniita kwa jina langu la utotoni, "wewe umeruka bahari nzima na hujanunua hata rozari ya kumpelekea mtu. Mtu anayekuja kutembea hafanyi hivyo."

Hapo hasira ilinipanda. Nikamwambia kuhusu Divine na beseni la maji. Nikamwambia mama anahesabiwa vidonge na mtoto wa shule huku binti yake anafua shuka za wazungu. Nikamwambia hata likizo tu, mwezi mmoja, aje aonwe. Akanieleza taratibu, bila kujitetea. Hakuna sista mwingine mwenye nguvu katika nyumba ile. Wakuu wao wamekwisha amua kwamba siku akiondoka, hata kwa mwezi, nyumba inafungwa na wale saba wanagawanywa, huyu kaskazini, yule kusini, kila mmoja penye kitanda. Wameishi pamoja tangu wasichana.

"Kwa hiyo wao ni bora kuliko mama," nilisema.

"Sikusema hivyo." Alivuta pumzi. "Uliponieleza habari ya Manolo na milango, nilicheka na wewe. Sikukwambia yangu. Kiangazi changu cha kwanza hapa nilikuwa peke yangu nao, sijui lugha hata ya kuomba maji. Mchana nikasikia mabati yanashushwa. Nikachungulia, hakuna mtu. Konso, niliwakusanya wote. Wakati ule walikuwa kumi na mmoja. Niliwashusha kwenye stoo ya chini wanakoweka mafuta, wengine niliwabeba mgongoni. Nikafunga kwa ndani, nikasimama mlangoni na ufagio."

"Wakakubali?"

"Hakuna aliyeuliza kitu. Pilar alichukua mkate mezani na blanketi, akashuka. Tulikaa gizani mpaka nikasikia watoto wanacheza mpira nje. Ndipo nikaelewa, nikatamani ardhi inimeze. Mpaka nilipojifunza lugha ndipo Pilar alinieleza. Walijua tangu mwanzo kwamba ni saa ya kulala. Lakini yeye alikuwa mtoto wakati wa vita vya kwao, walimficha ndani ya pipa. Alisema mtu mwenye uso ule humwambii kuwa hakuna kitu. Unakaa naye mpaka aone mwenyewe."

Nikamwambia habari ya kutokuja kwake sitaifikisha mimi, atamwambia mama mwenyewe. Akasema sawa. Tukarudi polepole, ameniingizia mkono kwapani kama tulivyokuwa tukienda kuchota maji. Nilikuwa na huzuni, na wakati huohuo, sijui kwa nini, nilikuwa na furaha kutembea naye.

Simu

Tulimpigia kesho yake, kwetu jioni, Alief asubuhi. Divine alimshikia mama simu karibu mno, tukawa tunaona paji la uso tu.

"Mmepanga kuondoka lini?" mama aliuliza.

"Mama, mimi siji na Konso," Goreti alisema. "Nina wazee hapa. Hawana mtu. Wakiisha, hiyohiyo siku nakuja kwako."

Mama aliisukuma simu mbali kidogo ili amwone vizuri.

"Wako wangapi?"

"Saba."

"Mkubwa ana miaka mingapi?"

"Tisini na miwili."

"Na mdogo?"

"Sabini na minane."

"Huyo bado msichana," mama alisema. Yeye mwenyewe amevuka themanini. Kisha akaamuru: "Nipeleke niwaone."

Goreti akazunguka na simu, kitanda kwa kitanda, kiti kwa kiti. Mama aliwasalimu kwa Kirundi, wao wakamjibu kwa Kihispania, kila upande ukisema mambo marefu na kuridhika. Alitaka jina la kila mmoja, akalirudia mpaka likamkaa. Pilar aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama sana, akasema kitu. Goreti alikitafsiri kwa shida. Anasema samahani, mama. Anasema wanajaribu kutochelewa.

Nilimwona mama akifunga macho. Alipoyafungua alimtafuta Goreti.

"Huyo mwembamba hali vizuri," alisema. "Mpe uji. Wape kula wote, usiwaharakishe."

Alief

Kurudi hakukuwa na lolote, ndege zilitii saa zao na chakula kilikuwa cha kuku. Mlinipokea, mkachungulia nyuma yangu, mkaona hakuna mtu. Sasa mmejua.

Lakini kuna moja ninyi wa jumuiya hamlijui, kwa sababu hufanyika tukiwa wenyewe. Jioni, kabla ya chakula, mama anasali rozari kwenye kiti chake, nasi tunaitikia. Siku hizi baada ya kutuombea sisi na marehemu wetu, ananyoosha vidole vyake na kuwaombea afya wale saba, mmoja mmoja kwa jina, wapate nguvu, walale vizuri, Mungu awaongezee miaka. Pilari. Dolores. Karmeni. Amparo. Juzi uvumilivu ulinishinda.

"Mama," nilisema, "unaelewa unachokiomba?"

"Naelewa," alisema. "Nyamaza, umenipotezea hesabu." Akarudi kwenye kidole cha kwanza, akaanza upya na Pilari.